Devilman Crybaby: nimeimaliza usiku mmoja na sishauri mtu afanye hivyo

Ngoja nianze na onyo ili baadae mtu asije kuniambia sikusema. Hii sio anime (katuni ya Kijapani) ya kuangalia sebuleni. Sio ya kuangalia na mdogo wako, sio na mama, na wala sio na yule mtu unayemfukuzia ambaye ndo mara ya kwanza mnakaa kuangalia kitu pamoja, maana episodi ya kwanza haijaisha utakuwa unatafuta rimoti huku unajikohoza. Ni 18+ ya kweli kweli. Damu, viungo vya watu, watu uchi, vyote vimo na vingi kuliko inavyohitajika. Nimeshasema, sasa tuongee.

Jibu langu kwa wanaouliza "niangalie au niache" ni angalia, ila mara moja, na uwe umetulia kichwani. Mtu ambaye wiki yenyewe tu inamwelemea aiweke pembeni kwanza, haikimbii. Nasema hivi kwa sababu naona wengi wanaoiacha wanaiachia pabaya, na wengi wanaoisifia wanasifia yale mapande ya nyama yanayoruka, kitu ambacho kwa mtazamo wangu ndo kidogo kabisa humo ndani.

Kwa ambao ndo wanaisikia leo, ni episodi 10 tu, kila moja kama dakika 25 hivi, na Netflix waliziachia zote kwa mpigo tarehe 5 Januari 2018. Dairekta ni Masaaki Yuasa na studio ni Science SARU. Stori yenyewe ni ya zamani mno, imetoka kwenye manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya Go Nagai iliyoanza 1972 ikaisha 1973, na mwaka huo huo wa 1972 kulikuwa na katuni ya televisheni ya Devilman ila ile ilikuwa imelainishwa, shujaa anapiga dude moja kila wiki watoto wanafurahi wanaenda kulala. Yuasa hakuifuata ile. Alirudi kwenye manga yenyewe, chungu kama ilivyo, akaileta kwenye zama za simu za mkononi na video za kurushwa mtandaoni, na hili la simu nitalirudia kwa sababu ndo limenimaliza.

Stori inaanza na watoto wawili kwenye mvua na kapaka kagonjwa. Mmoja anaitwa Ryo, ana kisu, anasema hako kapaka kanakufa tu kwa hiyo kanaongezewa mateso bure. Mwingine anaitwa Akira, yeye anakalilia. Ndo hivyo tu, dakika chache, halafu tunaruka miaka na unasahau kabisa kwamba uliona paka. Usisahau. Yaani anime nzima ni ile mvua na lile swali la kwa nini unalilia kitu ambacho sio chako.

Akira Fudo akikua anakuwa kijana wa shule, mpole, machozi yake yako karibu, anaishi kwa familia ya kina Miki Makimura kwa sababu wazazi wake wako mbali kikazi. Miki ni mkimbiaji hatari, Akira yupo naye timu moja ila akikimbia ni kama anasindikiza wenzake. Basi siku moja Ryo anarudi ghafla, koti refu jeupe, gari ya mbio, bunduki ya rashasha, na maneno ya ajabu: mapepo yamerudi duniani, yanaingia kwenye miili ya watu, na njia ya kupambana nayo ni mtu mwenye moyo safi akubali pepo limwingie halafu alitawale yeye badala ya kutawaliwa. Anamburuza Akira kwenye pati moja ya siri, giza, mataa, miziki, watu wamelewa wako uchi nusu. Pepo halitokei kwa kuitwa kwa upole, kwa hiyo Ryo anavunja chupa anaanza kuchana watu. Kutoka hapo ni machinjio, na katikati ya machinjio Akira anaingiwa na pepo kubwa linaitwa Amon na analishinda. Mwili wa pepo, moyo wa binadamu. Na bado analia.

Hapo ndo watu wengi wanazima. Nawaelewa, mimi mwenyewe kidogo nizime. Ile pati imechorwa kwa namna ambayo hujui unaangalia kitu cha kutisha, cha kuchekesha au cha kichafu, miili inavutika kama bablishi, midomo inafunguka mahali ambapo hapakuwa na mdomo, damu ina rangi kama ya njano hivi mara ya waridi, sio ile damu unayoijua. Ni makelele matupu. Ila ukishafika mwisho ukageuka nyuma kuangalia, unaona ujanja wa jamaa. Damu ya mwanzo ni ya makelele, inakuzoesha, unafika episodi ya nne ya tano mtu akikatika kichwa hata hupepesi macho unaendelea kunywa maji yako. Halafu episodi ya nane na ya tisa wanapunguza sauti, rangi zinakuwa za kawaida, na mtu mmoja tu akiumizwa unahisi tumbo linakukatika. Wamekuzoesha vurugu ili ukimya ukupige. Sijawahi kufanyiwa hivi na katuni.

Michoro yenyewe ni ya kubishania. Kuna wanaosema ni mibaya, imekaa kama haijamaliziwa, mistari myembamba, sura hazina kivuli, na kuna mapigano kweli nakubali yanaonekana kama walikuwa wanakimbizana na muda. Lakini angalia mtu akikimbia humu ndani. Akira akishaingiwa na pepo anakimbia ameinama hadi mikono inakaribia ardhi, mwili umerefuka kama mnyama, na huo mchoro mwepesi mwepesi ndo unaoruhusu mwili ujikunje hivyo bila kuonekana kituko. Ungeweka michoro ya kung'aa yenye nywele moja moja, isingewezekana. Kwa hiyo mimi nimo kwenye timu inayoitetea, ingawa kuna sehemu mbili tatu sina utetezi.

Na mapepo yenyewe jamani. Ukitegemea pembe mbili na mkia umepotea njia. Kuna moja linaitwa Jinmen, liko kama kobe mkubwa, na gamba lake limejaa sura za watu liliowala. Sura ziko hai. Zinaongea, zinalia, zinaomba. Sasa hilo pepo likatua kwenye familia ya Akira mwenyewe, akaja kukutana nalo uso kwa uso, na kwenye lile gamba kuna sura anayoijua kuliko sura yoyote duniani. Kulipiga hilo dude lazima upige gamba. Kupiga gamba ni kupiga sura. Nikawa nimekaa kitandani hedifoni masikioni nasema peke yangu "usipige, usipige", halafu sekunde hiyo hiyo nasema "sasa asipopiga itakuwaje". Hapo damu sio nyingi hata. Ila hiyo ndo episodi ya nne na kwangu ndo anime ilipoacha kuwa fujo ikawa kitu kingine.

Ya tano nayo usiifanyie kazi nyingine ukiwa unaangalia. Linakuja pepo la kike linaitwa Silene, lina mabawa, linamtafuta Amon wake aliyepotelea ndani ya Akira. Linapigana mpaka linakatika katika. Pepo lingine, Kaim, ambalo lilikuwa linampenda huyu Silene na yeye hana habari nalo, linautoa mwili wake wote ili yeye aendelee na pambano. Kumbuka Ryo kutwa nzima anatuhubiria kwamba mapepo hayana upendo, kwamba upendo wenyewe haupo. Halafu tunaonyeshwa hiyo. Unaachwa nayo tu.

Muziki sasa. Kensuke Ushio ndo kapiga, vitu vya elektroniki, mara viwe vya klabu mara viwe kama kinanda cha kanisani, na wimbo wa kufungulia ni wa Denki Groove, ule nilikuwa siuruki hata mara moja na mimi ni mtu wa kuruka intro. Halafu kuna lile kundi la vijana wanaochana mistari kwenye kona zao, mwanzo unaona kama wamewekwa tu kujaza muda, wanachana kuhusu maisha yao, kuhusu mademu, kuhusu tetesi za mtaani. Taratibu unagundua wao ndo wanakusimulia dunia inaendaje. Mapepo yakitangazwa unasikia kwenye mistari yao kabla hujaona kwenye taarifa ya habari. Ukiiangalia kwa sauti ya Kijapani na maandishi chini unapata ladha ya michano yenyewe hata kama huelewi neno. Ile iliyodabiwa kwa Kiingereza sio mbaya, wamejitahidi hadi michano, ila mimi nilirudi Kijapani baada ya episodi moja.

Lawama zangu sasa maana zipo. Ya kwanza, uchi. Umepitiliza. Naelewa hoja yao kwamba mapepo ni tamaa bila breki na wanataka tuione hiyo tamaa, sawa, tumeiona ndani ya nusu saa ya kwanza, sasa mbona mnaendelea? Na hawa wahusika wengi ni wanafunzi, hilo kwangu halipiti na sitaki kulisema kwa mzunguko. Kuna sini nilikuwa nasogeza mbele kabisa na sikukosa chochote cha stori. Mtu akiniambia ameiacha kwa sababu hiyo simbishii hata kidogo.

Ya pili, kasi. Kuanzia ya sita kwenda ya saba mambo yanatoka kwenye shida za watu wanne watano yanakuwa shida za dunia nzima kwa muda wa kufumba na kufumbua. Majeshi, nchi, mabomu, wewe bado unamfikiria yule mkimbiaji mwingine Koda na siri yake, ghafla dunia inawaka. Manga yenyewe nayo ina mwendo huo kwa hiyo sio kosa la Yuasa peke yake, lakini episodi mbili zaidi zingesaidia sana. Ryo naye kwa sababu hiyo hiyo kuna wakati anakuwa kama mtu wa kusoma maelezo tu, anaongea mahesabu wakati wewe unataka umjue.

Kutoka hapa namwaga stori kidogo, asiyetaka aruke hadi aya mbili za mwisho.

Ukweli kuhusu mapepo unarushwa kwenye televisheni dunia nzima inaona. Na baada ya hapo mapepo karibu hayana kazi tena. Watu wanaifanya wenyewe. Kila mtu anamtilia shaka jirani, kila mwenye tabia isiyoeleweka ni pepo, watu wanafungwa kamba hadharani wanapigwa mawe. Kuna baba mmoja humu, mtu wa dini, mpole, anajikuta ameshika bunduki mbele ya mtoto wake wa kumzaa ambaye ameshageuka, na ameona alichofanya huyo mtoto. Hawezi. Bunduki imeelekezwa na hawezi. Hiyo sini haina hata dakika nyingi ila mimi nilisimamisha video nikaenda kuosha uso.

Halafu ya tisa. Akira anasimama mbele ya watu waliofungwa, anapigwa mawe yeye, pepo alilonalo ndani lingeweza kuwamaliza wale watu wote kwa kupiga chafya tu. Anakaa anapigwa. Anawalilia wanaompiga. Na mtoto mmoja mdogo anaweka jiwe chini anaenda kumkumbatia, kisha mwingine, kisha watu wazima. Nilijua kabisa kwamba wananipa hii ili wanipokonye, nilijua, na bado nikaamini. Wakati huo huo Miki yuko nyumbani na simu yake, anaandika mtandaoni kwamba anamjua Akira, kwamba Akira ni mtu na ana moyo kuliko sisi, na majibu yanaanza kuingia moja moja pale kwenye skrini, matusi, vitisho, katikati yake jibu moja zuri, halafu matusi tena. Unayasoma pamoja naye. Ni kitu ambacho kila mtu mwenye simu ameshakiona kikimtokea mtu fulani, ndo maana kinatisha kuliko kobe mwenye sura. Wanaokuja kugonga mlango baada ya hapo hawana pembe wala mabawa. Wana mapanga na mienge na ni watu wa jirani.

Sitaelezea kinachofuata. Nitasema tu kwamba wanacheza ngoma.

Sisi tuliokulia kwenye muvi za ngumi tuna kanuni yetu moja, steringi hafi. Hata akipigwa risasi tano anaamka, anafunga kitambaa begani anaendelea. Hii anime inaijua hiyo kanuni na inaitumia dhidi yako hadi dakika ya mwisho. Na kuna ile methali ya zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nikaikumbuka mwisho kabisa, Ryo amelala chini ameangalia angani anaongea na rafiki yake, anaongea kwa utulivu kabisa, anaeleza kila kitu kuanzia mwanzo, na kamera iko karibu na nyuso zao tu. Rafiki hajibu. Kamera inasogea nyuma taratibu. Ukiona kilichobaki utaelewa kwa nini nimeitaja hiyo methali na kwa nini niliicheka vibaya saa kumi ya alfajiri huku machozi yananitoka.

Kabla ya hapo katikati ya pambano wanaweka picha ya kupokezana kijiti, ile mbio ya kupokezana ya kina Miki na Akira. Huyu anampa huyu, huyu anampa yule, na Akira kila siku anamnyooshea Ryo mkono na Ryo hapokei. Kijiti kinaanguka. Ilikuwa ikionekana tangu mwanzo kwenye mazoezi ya shule, mimi nikadhani ni sini za kujaza za michezo. Na lile swali la mvua na paka linarudi, safari hii aliyekuwa anauliza ndo machozi yanamtoka yeye, na wa kumwelewesha hayupo.

Kwa hiyo nani aangalie. Kama unapenda vitisho vya kushtukizwa, mlango unafunguka mtu anapiga kelele, hapa hutavipata sana, utachoka. Kama unataka mapigano yaliyopangika yenye nguvu zilizoelezwa kanuni zake, pia hapana, humu mtu anashinda kwa sababu amekasirika zaidi. Kama shida yako ni uchi, acha kwa amani, sitakuona mshamba. Lakini kama uko tayari kuvumilia episodi tatu za fujo ili upate nne za mwisho ambazo hazifanani na kitu kingine, basi hii ni yako, na kwa rekodi tu iliondoka na tuzo ya anime bora ya mwaka 2018 kwenye tuzo za Crunchyroll, ule mtandao wa kuangalizia anime, kwa hiyo sio mimi peke yangu niliyechanganyikiwa.

Namna ya kuiangalia sasa. Igawanye mara tatu. Siku ya kwanza moja hadi nne, hata kama ya kwanza imekukera fika ya nne ndo uamue. Siku ya pili tano hadi saba. Nane, tisa na kumi ziunge pamoja, mchana, sio usiku kama mimi, na uwe na mtu wa kumpigia simu baadae hata kama hamtaongelea anime. Weka hedifoni. Na ikifika mwisho usiwahi kuzima, subiri mpaka ile picha ya mwisho kabisa ya dunia ikiwa angani, halafu hesabu miezi.